Tunda la Juni Hutungwa Septemba

Uani kwetu Kimara, Dar es Salaam, pale ambapo mwembe unakinga jua la mchana, kuna ndoo sita za rangi, zile za lita 20, nilizozikata nusu na kuzitoboa chini. Ndani yake nimepanda stroberi. Majani yake ni mapana, ya kijani kibichi, na kila wiki miche inatoa marando yanayoning'inia mpaka chini. Mwaka wa tatu sasa, ua hata moja sijaliona. Wanaokuja kumtembelea mama hunipa pole, wakidhani nimeuziwa miche mibovu. Miche haina ubaya wowote. Niliishi na mmea huu miaka minne mahali ambako baridi inauelewa, na yote ninayoyajua kuuhusu niliyajua huko, mengine kwa hasara.

Nilikwenda St. Paul, katika jimbo la Minnesota kaskazini mwa Marekani, Agosti 2016, kumsaidia dada yangu kulea watoto. Yeye ni muuguzi, alikuwa akiingia zamu za usiku. Majira ya baridi ya kwanza nilikaa ndani karibu miezi mitano, na theluji ilipoyeyuka nilikuwa na hamu moja tu, kushika jembe. Watoto wakasema, "Mama mdogo, tupande stroberi." Mei 2017 tukanunua miche 25 iliyofungwa pamoja kwa mpira. Haikuwa na udongo. Ilikuwa mizizi mitupu ya kahawia, mingine na jani moja dogo lililojikunja, na nilipoishika niliona kama nimepewa vitu vilivyokwisha kufa.

Siku hiyo hiyo nikakosea. Nilichimba mashimo kama ya nyanya na kuzifukia shingo zote, kwa kuwa nyanya ukiifukia shina ndipo inapoongeza mizizi. Mzee jirani alikuwa akitutazama kutoka upande wake wa uzio. Akaja, akapiga magoti, akaanza kuifukua miche yangu mmoja mmoja bila kunilaumu. Stroberi ina shina fupi nene, mfano wa ncha ya kidole gumba. Majani yanatoka juu yake na mizizi chini yake, na katikati ndipo ulipo moyo wa mmea. Aliuinua kila mche mpaka udongo ukafika nusu ya shina hilo. Ukilifukia lote moyo unaoza, ukiliacha wazi sana mizizi inakauka. Mizizi yenyewe aliitandaza kama vidole vya mkono uliofunguliwa. Mche hadi mche sentimita 45, tuta hadi tuta zaidi kidogo ya mita moja. Kisha akauliza kama pale pamewahi kupandwa nyanya, viazi mviringo au pilipili. Dada akasema palikuwa na maua tu. Mzee akaridhika, maana mazao hayo huacha vimelea vya mnyauko vinavyokaa udongoni miaka mingi, na stroberi ni rahisi sana kushikwa navyo.

Wiki chache baadaye maua meupe yakatoka, na mzee akasema niyachume yote. Nilidhani sikumsikia vizuri. Akaeleza kwamba mwaka wa kwanza mche ukizaa, unazaa kwa kula mwili wake. Nikachuma kwenye miche 21. Minne nikaiacha kwa sababu watoto walisimama pale wakinitazama. Walipata matunda tisa, madogo, nao walifurahi kweli. Lakini kufikia Agosti tofauti ilionekana hata kwa mtoto. Ile 21 ilikuwa imetoa marando, kama yale ya viazi vitamu, kila rando likishika ardhi na kuota mche mpya, mpaka tuta likawa zulia la upana wa nusu mita. Ile minne ilibaki imesinyaa, kila mmoja na rando moja au mawili.

Ikaja Septemba, na hapo ndipo pana jambo ambalo laiti ningelifahamu mapema zaidi. Matunda hayapo, maua hayapo, majani yameanza kuchoka. Nikaacha kumwagilia. Mzee akaniita uzioni akaniuliza kwa nini. Nikamjibu kwamba msimu umekwisha. Akasema, "Msimu ndio unaanza."

Stroberi ya namna hii, inayozaa mara moja tu kwa mwaka, Juni, kwa wiki tatu hivi, hutunga maua yake wakati mchana unapofupika na hewa kupoa. Kule St. Paul mchana wa Juni unafika saa 15 na nusu. Wakati huo mche unashughulika na matunda, kisha marando. Mchana ukishuka chini ya saa 14 hivi, na usiku ukaanza kuuma, mmea unabadili kazi. Ndani ya lile shina fupi, usipoona, vinatengenezwa vichipukizi vya maua. Vinalala humo wakati wote wa baridi, na Mei vinafunguka. Kila tunda utakalochuma Juni lilikwisha kuamuliwa Septemba na Oktoba za mwaka uliopita. Ukiunyima mche maji wakati huo, umeyakata matunda ambayo bado huyajui. Nikarudisha maji, sentimita mbili na nusu kwa wiki pamoja na mvua, nikipima kwa kopo tupu la samaki nililoliweka katikati ya tuta.

Oktoba nilipoanza kuvaa koti mawili, nilitaka kuyafunika matuta. Nilikuwa nimenunua robota mbili za mabua ya ngano. Mzee akanizuia tena: aliyesikia baridi ni mimi, mche bado. Ukiufunika mapema unaukosesha yale majuma ambayo unajikaza kidogo kidogo, na majani yake bado yanafanya kazi. Tulingoja mpaka jalidi, ule umande unaoganda usiku, ikapiga mara kadhaa, karibu katikati ya Novemba, ndipo nikatandaza mabua unene wa sentimita kumi hadi kumi na tano. Wengi hudhani matandazo yale ni blanketi la kuupa mche joto. Kazi yake kubwa ni kuizuia ardhi isigande na kuyeyuka, ikagande tena na kuyeyuka tena, kwa sababu kila inapofanya hivyo inavimba na kuusukuma mche juu mpaka mizizi inakatika. Na shina lenyewe lisipofunikwa linaumia baridi ikipita nyuzi tisa au kumi chini ya sifuri. Mwishoni mwa Januari 2019 tulifika nyuzi 33 chini ya sifuri. Nilisimama dirishani usiku ule nikiyatazama matuta yangu yaliyofunikwa mabua na theluji juu yake, na nilisali kwa ajili yake. Yalipona.

Masika ya huko yana hila. Aprili 2018, katikati ya mwezi, wakati ambapo watu walikuwa wametoa baiskeli nje, theluji kubwa ilianguka kwa siku tatu. Nilikuwa nimeyaacha mabua mahali pake, nashukuru. Niliyaondoa mwezi ukielekea mwisho, nilipoinua kona moja na kukuta majani mapya ya manjano yakitafuta mwanga. Mabua sikuyatupa. Niliyasogeza katikati ya matuta, kwanza ili matunda yasilale kwenye tope, pili yawe karibu ikibidi kufunika tena.

Ikabidi. Usiku mmoja wa Mei, maua yakiwa yamefunguka, redio ikatangaza jalidi. Ua la stroberi lililofunguka hufa kwenye nyuzi moja au mbili tu chini ya sifuri. Dada alikuwa kazini. Nilichukua shuka mbili za kitanda na kanga zake tano, zile alizopewa na mama siku aliyoondoka Dar, nikazitandaza juu ya matuta gizani na kuzibana kwa mawe. Asubuhi kanga zilikuwa ngumu kama mbao. Chini yake maua yalikuwa mazima. Kwenye ncha ya tuta la pili, ambapo nguo haikufika, maua yalikuwa bado meupe yakionekana mazuri kabisa, lakini katikati yake pamekuwa peusi kama punje ya pilipili manga. Ua lenye moyo mweusi halileti tunda. Dada aliporudi akakuta kanga zake zimeanikwa uani akakaa chini akacheka, kisha akalia kidogo. Alisema harufu ya udongo mbichi kwenye kanga ilimkumbusha nyumbani.

Juni 2018 tulivuna kilo 11. Nitaeleza kwa kifupi, kwa sababu kuvuna hakuhitaji mwalimu. Uchume asubuhi kukiwa na ubaridi, na kikonyo chake, usioshe mpaka wakati wa kula. Na usichume lililo jeupe begani ukitumaini litaiva ndani. Embe ukilichuma limekomaa litaivia kapuni. Stroberi ikishatoka kwenye mche imekwisha, inachoweza kufanya baada ya hapo ni kuoza. Ndiyo maana nyingi za kwenye maduka makubwa zina rangi ya kupendeza na ladha ya maji. Niliyoila tutani, ina joto la jua, nilishindwa kumweleza mama kwenye simu. Nilimwambia tu inanukia kuliko inavyoonekana.

Baada ya mavuno hayo nilifanya kosa kubwa kuliko yote. Mzee aliniambia niyafyeke majani yote, niyaache sentimita tatu au nne juu ya shina, kisha nilipunguze tuta liwe ukanda mwembamba wa sentimita 25 kwa kung'oa miche ya pembeni, niweke mbolea na kumwagilia. Hiyo ni Julai, mche ukiwa umejaa majani mazuri. Sikuweza. Nilipotoka mimi mmea hauadhibiwi baada ya kuzaa. Nikamwitikia kwa heshima, kisha sikufanya. Matuta yakajazana, miche mizee na wajukuu wake wakigombea mwanga na maji, na Septemba ile vichipukizi vilitungwa katika mbanano huo.

Juni 2019 nikalipwa. Matunda yalikuwa madogo kama punje za mahindi, yamefichwa ndani ya majani mazito yasiyopitisha hewa, na mvua mbili zilipofuatana ukungu wa kijivu ukayavaa. Konokono wasio na gamba walikula usiku yaliyobaki. Mengine yalikuwa yamepinda na kukakamaa upande mmoja. Nilijifunza kwamba zile tunazoziita mbegu, vitone vilivyo juu ya ngozi ya stroberi, kila kimoja ndicho tunda halisi, na kila kimoja kinataka chavua yake. Upande ambao nyuki hakufika, au mdudu alifyonza ua likiwa changa, nyama yake haivimbi. Tulipata kilo nne, nyingi za kupika jamu.

Julai ile nilifyeka. Nilifanya asubuhi mapema watoto wakiwa wamelala, na nilipomaliza matuta yalionekana kama yameunguzwa moto. Siku ya saba sikuona kitu. Siku ya kumi na moja nikaona ncha za kijani zikitoka kila mahali, laini, zimekunjwa kama kipepeo kabla hajafunguka. Mwaka 2020, mwaka ule ambao hatukuweza kwenda popote, tulivuna kilo 14 kutoka matuta yale yale. Nyingi tuliziweka vibarazani kwa majirani.

Jioni za baridi nilisoma habari za mmea huu, na kuna hadithi moja ambayo sikuichoka. Stroberi kubwa tunayoijua leo haikuwapo duniani miaka 300 iliyopita. Mfaransa mmoja, Amédée-François Frézier, mhandisi wa jeshi aliyetumwa kuchunguza ngome za Wahispania huko Chile, alirudi Ufaransa mwaka 1714 na mashina machache ya stroberi ya pwani ya Chile. Safari ya bahari ilichukua miezi sita, na maji ya kunywa melini yalikuwa ya kupimwa, na bado miche ilipewa sehemu yake. Ilipofika ikastawi bila kuzaa kitu. Mashina yote aliyoyabeba yalikuwa majike. Miaka ikapita mpaka wakulima wa Brittany, huko huko Ufaransa, walipoipanda karibu na stroberi nyingine iliyotoka mashariki ya Amerika Kaskazini, na chavua ya hiyo ikaizalisha. Mwaka 1766 mtaalamu wa mimea Antoine Nicolas Duchesne ndiye aliyeeleza kwamba stroberi hii kubwa ni mtoto wa hizo mbili. Hadithi hiyo niliikumbuka sana niliporudi.

Nilirudi Dar Agosti 2021, kwa kuwa mama alianza kusumbuliwa na miguu. Mwaka uliofuata nilimkuta kijana anayeuza miche pembeni ya barabara ya Bagamoyo ana stroberi nane kwenye vifuko vyeusi. Hakujua ni ya aina gani, nami sikumbana. Nilizinunua zote. Nilifanya kila nililofundishwa: shingo nusu ndani nusu nje, mboji, mizizi imetandazwa, matandazo ya majani ya mgomba. Mbili zilioza katika mvua za masika. Sita zikanenepa. Maua yakakataa.

Nilisumbuka kutafuta sababu, kwa maana kwa hesabu ya mwanga Dar ingefaa kabisa. Mchana wetu mrefu kuliko yote, Desemba, hauzidi sana saa 12 na nusu. Kwa stroberi huo ni mchana mfupi mwaka mzima, ni Septemba isiyokwisha. Lakini ufupi wa mchana ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni ubaridi. Joto likiwa juu kila siku, mche unaufunga mlango wa maua hata mchana uwe mfupi namna gani, na nguvu zote unazipeleka kwenye majani na marando. Usiku wetu wa kipupwe, Julai na Agosti, ndio unaoshuka kwenye nyuzi 19 au 20, na mchana unarudi kwenye 28. Haitoshi. Kipupwe cha kwanza nilinunua barafu za mifukoni kila jioni, kwa wiki tatu, nikazipanga kuzunguka ndoo. Saa nne usiku zilikuwa maji.

Mama alikuwa akinitazama kutoka kwenye mkeka wake, na jioni moja akaniuliza, "Mwanangu, mwembe huu unachanua mwezi gani?"

"Julai, mama. Mwaka mwingine Juni mwishoni."

"Na embe tunakula lini?"

"Desemba."

"Basi nao huungoja ubaridi. Ila wa kwetu unautosha."

Nimesoma tangu hapo, na mama yuko sahihi. Usiku wa kipupwe ndio unaouambia mwembe utoe maua, na mwaka ambao kipupwe ni hafifu, maua nayo ni hafifu. Nimekulia chini ya mti huu na sikuwahi kuliona. Ilinilazimu kwenda Minnesota kuoneshwa na mmea wa urefu wa shubiri.

Kaka yangu anafundisha Lushoto, kwenye milima ya Usambara, karibu mita 1,400 juu ya bahari. Kule Julai watu wanalala na mablanketi mawili. Machi 2023 nilichukua marando ya ndoo zangu, nikayalaza kwenye vikombe vya plastiki vyenye udongo bila kuyakata na mama yao. Yaliposhika mizizi, baada ya wiki nne, nikayakata. Miche kumi na miwili, imefungwa kwa gazeti lililoloweshwa, ndani ya boksi lenye matundu, ikapanda basi la asubuhi stendi ya Magufuli pale Mbezi. Nilimwomba kondakta asiiweke chini kwenye buti karibu na injini. Wifi aliipokea jioni, akaipanda kesho yake huku ananiweka kwenye simu, nami namuuliza kila mche: shingo umeiona? Nusu ndani, nusu nje?

Agosti akanipigia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. "Wifi, yamechanua! Meupe, mengi, njoo uone!" Nilitoka uani na simu sikioni nikasimama mbele ya ndoo zangu. Zilikuwa zile zile, damu moja na zile zilizochanua, urefu wa siku ule ule. Kilichotofautiana ni mlima.

Septemba alituma kopo moja la kilo kwa basi. Yalipofika mengi yalikuwa yamepondeka, yamebaki kama kumi na tano mazima. Nilimpa mama lile kubwa. Alilinusa muda mrefu kabla ya kulila, kisha akasema, "Ndiyo hii uliyokuwa ukisema kwenye simu." Akaomba jingine.

Mavuno yalipopungua nilimwambia wifi akate majani yote na kuilisha miche samadi iliyooza vizuri. Alinyamaza. Kisha akasema, "Wifi, majani mazuri namna hii niyakate kweli?" Nikamweleza habari ya Julai 2018, matunda ya punje za mahindi, ukungu, konokono. Hakunijibu siku hiyo. Jumapili alinitumia picha ya tuta lililofyekwa, jekundu, tupu, na watoto wa kaka wamesimama pembeni wamenuna. Nilimwandikia ahesabu siku kumi na moja. Siku ya tisa akatuma picha nyingine.

Ndoo sita bado zipo. Wiki hii nina vikombe kumi na vinne vilivyoshika mizizi, na nimeshaongea na kondakta.